Kikombe cha Saa Nane

Vijana wa wodi, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, kana kwamba kazi ya mstaafu ni kutazama muda ukipita huku amejifunika. Nashukuru hata hivyo. Saa ameitundika mke wangu jikoni, na blanketi nalitumia mwenyewe, kwa kuwa asubuhi hapa Mwingi kuna baridi ambayo mtu aliyezoea Garissa haiwezi tena. Lakini mmoja wenu alisema siku ile, mdomo umejaa pilau, "Mzee Kyalo, sisi tumekupa blanketi. Wewe unatuachia nini?" Swali hilo mlilisahau kabla sahani hazijaoshwa. Mimi sikulisahau.

Vyeo nitaviruka. Mnavijua, na mshahara wangu mliweza kuukisia kwa kutazama viatu. Nitawaandikia mambo ya kazi yenyewe, hasa jambo moja nililoliona wodini.

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi ilikuwa Ijara, kwenye zahanati ya vyumba viwili. Nilifika juu ya lori la unga, na kesho yake nikaingia kazini nimevaa tai. Kufikia saa nne joto lilikuwa limeanza kuniuliza maswali kuhusu ile tai. Kufikia saa sita nilikuwa nimeitumia kufungia mzani wa watoto kwenye tawi la mgunga, maana kamba ilikuwa imekatika. Akina mama walinitazama kwa mbali. Hakuna aliyetaka mwanamume mgeni, tena aliyetoka "Kenya", amguse mtoto wake. Huko, ukitoka upande wa Nairobi, watu hukuuliza kama umetoka Kenya, na baada ya kukaa miezi michache nawe unaanza kuuliza hivyo hivyo. Hatimaye mama mmoja jasiri akanikabidhi mwanawe, na mtoto akanikojolea shati lote. Mama akacheka, wenzake wakacheka, foleni ikasogea. Wengine hubatizwa mtoni.

Kutoka Ijara nilipelekwa Griftu. Pale nilijifunza kwamba ratiba ya chanjo haipangwi na ofisi, inapangwa na mbuzi. Siku ya soko la mifugo watu wote wako mjini, basi unabeba sanduku lako la barafu unakwenda kukaa pembeni ya soko, katikati ya vumbi na ngamia. Mwenzangu mwenyeji alinifundisha jambo ambalo kila muuguzi mgeni hufundishwa wiki ya kwanza: "Ukipewa maziwa, pokea. Hata kama umeshiba, gusa mdomo. Anayekataa maziwa amekataa watu." Nikapokea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na tumbo langu likalalamika siku mbili. Baadaye likazoea, na leo hayo ndiyo nayakumbuka kuliko vyote. Shikeni hilo la maziwa, nitalirudia.

Baada ya Griftu nikahamishiwa hospitali moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu waliomo wengine bado wako kazini na wana haki ya kunywa chai yao kwa amani. Nikawekwa wodi ya watoto wenye utapiamlo. Mkuu wa wodi alikuwa Metroni Damaris, Mtaita, mfupi, mwenye saa ndogo iliyobanwa kifuani kichwa chini, na jicho la kuona kitanda kisichotandikwa akiwa bado nje ya geti. Kila alichokifanya alikifanya polepole. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na nilimwogopa kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipigia kelele.

Chombo kikuu cha wodi ile hakikuwa mashine. Kilikuwa kikombe cha plastiki chenye mistari ubavuni. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu, mifupa nje na miguu imevimba, hapewi chakula cha kushiba. Anapewa maziwa mepesi ya dawa, kidogo tu, mpaka kwenye mstari uliopimwa kwa uzito wake. Saa mbili, saa tano, saa nane, saa kumi na moja, na vivyo hivyo usiku kucha. Ndani ya mwili wake moyo umedhoofika, figo zimedhoofika, na ukimjazia ghafla, chakula chenyewe kinaweza kumuua. Siku yangu ya kwanza Metroni alinieleza hivi: "Moto unaotaka kuzimika huurushii gogo, Kyalo. Unaupa vijiti."

Kueleza ni rahisi. Kazi ilikuwa kusimama mbele ya mtoto anayelamba ukingo wa kikombe kitupu na kukutazama. Wengi wetu tumelelewa kwamba mgeni hajala mpaka asukume sahani mwenyewe. Sasa unaajiriwa kuwanyima watoto wenye njaa, tena kwa kipimo, tena mama zao wakiona. Nimeona wauguzi wenye vifua vipana wakitoka nje kulia nyuma ya tangi la maji.

Ukame ulipokuwa umeingia mwaka wa pili ndipo alipokuja Zipora. Alitoka Bungoma, msichana mwembamba mwenye sauti ya kwaya, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Wakristo tulikuwa wachache, na kanisa letu lilikuwa sebule ya Metroni. Zipora akaingia humo kama mtu aliyefika kwao. Kila Jumatano alifunga, hata maji hanywi, katika joto lile. Wenzetu Waislamu walimheshimu sana. Walisema sista huyu ana Ramadhani ya peke yake.

Jumapili moja alipewa nafasi ya kutufundisha, akachagua habari ya kiasi, lile tunda la Roho linalotajwa mwisho na kusahauliwa kwanza. "Mwili ni punda," alisema. "Ukimlegezea kamba, anakupeleka anakotaka yeye. Mimi wangu nimeushika."

Metroni alikuwa akichambua maharagwe mapajani. "Na moyo je, mwanangu?" akauliza. "Huo nao una kamba?"

"Moyo wangu nimempa Bwana, Metroni."

"Amina," akasema Metroni, akaendelea na maharagwe yake.

Wiki chache baadaye aliletwa Ifrah. Alikuwa na umri wa miaka miwili na uzito wa mtoto wa miezi sita, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya vumbi. Mama yake alikuwa amejifungua tena na hakuweza kusafiri, kwa hiyo aliletwa na bibi yake, ambaye wodi nzima ilimwita Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hina kwenye kucha na ulimi usiolala. Tulimweleza habari ya kikombe kupitia kwa mkalimani, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa vidole. Alitikisa kichwa kila mara, na hakukubali hata mara moja.

"Hii mtoto nalia njaa," aliniambia, kwa Kiswahili chake kilichogeuza kila p kuwa b. "Wewe nabea yeye kidogo, kama baka. Hata baka yangu nashiba."

Siku ya tatu Ifrah alianza kulia kwa nguvu. Sisi tulifurahi, kwa kuwa mtoto anayelia njaa ni mtoto anayerudi. Bibi yake hakuona hivyo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Metroni alikuwa ameitwa kwenye mkutano, mimi niko stoo nahesabu pakiti za maziwa, na Zipora amebaki wodini peke yake, yeye mwenyewe hajala. Akampa Ifrah kikombe cha saa nane, mpaka kwenye mstari. Mtoto akamaliza, akalia tena, akaushika mkono wa Zipora kwa mikono yake miwili.

Ayeeyo alikuwa ameletewa maziwa ya ngamia na jamaa zake asubuhi hiyo. Akajaza kikombe, akamnyooshea Zipora. Hakumpa mtoto mwenyewe, maana alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba anayenywesha ni sista. Akasema, "Bokea." Na Zipora akakumbuka alichofundishwa wiki ya kwanza, kwamba maziwa hayakataliwi. Huku ana mtoto analia na kikongwe anamsihi. Akapokea. Akamnywesha Ifrah kikombe kizima, kisha cha pili.

Niliporudi nilimkuta anaimba. Mtoto amelala, tumbo limejaa, na Zipora anang'aa. "Kaka Kyalo, ameshiba," aliniambia. "Kwa mara ya kwanza ameshiba." Mara nyingi nimefikiria habari yake. Aliweza kulizuia tumbo lake siku nzima bila tone la maji, lakini huruma yake hakuweza kuizuia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nayo inahitaji kamba.

Kabla ya magharibi kope za Ifrah zilikuwa zimevimba, miguu baridi, na pumzi inakwenda mbio kama ya kifaranga. Metroni aliingia, akamtazama mara moja, akauliza, "Amepewa nini?"

Ayeeyo aliruka juu kabla yeyote hajajibu. "Mimi! Mimi nakunywesha yeye. Wallahi, ni mimi. Hii sista hakuwa hapa."

Nilijua alichokuwa anafanya. Nje kwenye kivuli walikuwa wamekaa wajomba wa mtoto. Kama ingejulikana kwamba muuguzi mgeni amemdhuru mtoto wao, Zipora asingelala mjini usiku huo, na pengine sisi sote tusingelala. Kikongwe yule, ambaye mjukuu wake alikuwa anapigania pumzi, alikuwa amesimama mbele ya mtoto wa watu amemkinga.

"Si kweli," Zipora akasema. "Ni mimi, Metroni. Vikombe viwili. Ni mkono wangu."

"Nyamaza, gabar!" Ayeeyo akamfokea, akimwita binti kwa Kisomali, kama unavyomfokea wako mwenyewe.

Metroni hakumfokea yeyote. Niliona tu mshipa wa shingo yake ukisimama, na mkono wake ukienda kwenye ile saa kifuani, ukaishika, ukaiachia. "Simamisha maziwa yote," akaniambia. "Lete oksijeni. Mwite daktari. Ayeeyo, mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, apate joto." Usiku ule sitausimulia. Kulipokucha pumzi ya Ifrah ilikuwa imetulia, na tukaanza upya na kikombe, kwenye mstari wa chini kuliko ule wa kwanza.

Mimi nilikuwa na hasira, na sioni sababu ya kuipaka sukari. Nilimfuata Metroni stoo nikamwambia msichana huyu ahamishwe, arudi kwao, kabla hajaua mtu. Nilizungumza muda mrefu, na kwa ufasaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Kachemshe maji."

Taarifa alipeleka kwa wakubwa kama inavyotakiwa, hakuficha kitu. Walimpa Zipora onyo, na wakaacha mengine mikononi mwa Metroni. Lakini Zipora alikuwa ameshajihukumu mwenyewe. Alikuja kazini kila siku, akafua mashuka, akasugua sakafu, akakunja blanketi ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Kikombe hakukigusa. Akifika kitanda cha Ifrah alipita ameinamisha macho. Chakula pia hakugusa. Alhamisi hakula, Ijumaa hakula, Jumamosi akaanguka kwenye ujia, na beseni la maji likamwagika juu yake.

Tukamkalisha kwenye benchi. Metroni akaketi karibu naye, nami nikaanza kukausha sakafu, kwa kuwa sakafu ilikuwa imelowa na masikio yangu yalikuwa wazi.

"Umekula lini?"

"Nimefunga, Metroni."

"Unafungia nini?"

"Mungu anisamehe."

"Hujamwomba bado?"

"Nilimwomba siku ileile."

"Basi hizi siku nyingine ni za nini?"

Zipora alikamua maji kwenye sketi yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nataka aone kwamba najuta."

"Ameona. Hata mimi nimeona, nami macho yangu ni mabovu." Metroni akamfuta maji usoni kwa upindo wa aproni. "Kufunga ni kuzuri, mwanangu. Hata mimi hufunga. Lakini wewe huombi tena, unalipa. Unalipia kitu ambacho hakiuzwi. Au unadhani Mungu anashiba njaa yako?"

Hapo msichana akalia kweli. Mpaka hapo hakuwa amelia. Metroni akanituma uji, nami nikaenda kuutafuta, na kwa haraka nikauleta katika chombo cha kwanza nilichokiona, kikombe cha wodi chenye mistari. Metroni akakitazama, akanitazama. Akamshikia Zipora mdomoni. "Polepole," akamwambia. "Usigugumie. Kidogo, halafu kingine baadaye." Naye akanywa, kidogo kidogo, mpaka kikaisha.

Baada ya kupumzika, saa nane ikakaribia. Niliandaa maziwa ya Ifrah, nikapima mpaka kwenye mstari, nikageuka kwenda kitandani. Metroni akanisimamisha. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akampelekea Zipora.

"Hiki cha saa nane ni chako."

"Siwezi, Metroni. Tazama mikono yangu."

"Naiona."

"Mpe Kaka Kyalo. Yeye hajakosea."

"Ndiyo," akasema Metroni. "Kyalo hajakosea. Hakihitaji."

Nilisimama pale na ufasaha wangu wote wa stoo, sina pa kuupeleka. Zipora alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaenda. Nilimfuata kwa nyuma, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba Ayeeyo atamficha mtoto. Alikuwa na haki hiyo. Lakini kikongwe alisogea, akapapasa godoro. "Kaa," akasema.

Zipora akaketi, akamwinua Ifrah, na kikombe kikaanza kutetemeka mpaka maziwa yakagusa ukingo. Ayeeyo akapitisha mkono wake wenye hina chini ya kiwiko cha Zipora, akakishika. "Bole bole," akasema. "Bole bole, gabar yangu." Hivyo wakamnywesha wote wawili. Mtoto akanywa mpaka tone la mwisho, akaangalia ndani ya kikombe, akaona hakuna kitu, akalia. Akaushika mkono wa Zipora kama siku ile ya Jumatano, na kwenye kabati la kitanda maziwa ya ngamia yalikuwepo, chombo kimejaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka Zipora mpaka kidevuni. Akakilaza kikombe kifudifudi kwenye sinia.

"Saa kumi na moja, mama," akamwambia mtoto. "Saa kumi na moja nitarudi."

Na akarudi. Akarudi saa mbili pia, na kesho yake. Wiki tatu baadaye Ifrah alitoka wodini mgongoni kwa bibi yake, mashavu yamejaa, ananyooshea mkono ngamia wa watu. Siku hiyo Ayeeyo alituletea maziwa, akampa Zipora wa kwanza. Zipora akapokea, akanywa yote, akaomba mengine. Kikongwe alicheka mpaka akajishika mbavu.

Metroni Damaris sasa yuko kwao Taita, anafuga kuku, na kuku wale nadhani wanatandika vitanda. Zipora aliendelea na wodi ile miaka mingi, kisha akarudi Bungoma kufundisha wauguzi. Bado hunipigia simu. Kuna wakati aliniambia jambo ambalo amenipa ruhusa ya kuliandika hapa. Alisema kufunga Jumatano hakukuacha, kwa sababu anapenda utulivu wake. Lakini ziko Jumatano ambazo habari ya vile vikombe viwili humrudia, na katikati ya kuomba hugundua kwamba ameanza kulipa tena. "Siku hiyo, Kaka," akasema, "nainuka pale nilipopiga magoti, naenda jikoni, nakula. Ni vigumu kuliko kufunga."

Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza maisha ya kustaafu yakoje. Nikamweleza habari ya saa na blanketi, akacheka. Katikati ya maneno nikasikia anatafuna.

"Zipora," nikamwambia, "leo si Jumatano?"

"Ni Jumatano, Kaka."

Akaendelea kutafuna. Nami, simu sikioni, nikamwacha amalize.